Isale Kutoka Kaburi la Hosea

Shemeji yangu Eunike hakuwa malaika. Anayesema alikuwa malaika hajawahi kubishana naye bei ya ndizi sokoni Kiboriloni. Alikuwa na ulimi mkali, kwenye kwaya ya usharika wetu aliimba kwa nguvu kuliko mwalimu wa kwaya alivyotaka, na akinuna, mpaka majirani walijua. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wanapenda kumpamba. Mimi Shedrack, mdogo wa marehemu mume wake, nilikuwepo siku ile, na ninavyomstaajabia mimi hahitaji mapambo ya mtu.

Kaka yangu Hosea alimwoa wakati kahawa ilikuwa bado inasomesha watoto. Kihamba chao, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa na mibuni chini ya migomba, ng'ombe zizini, na nyuma ya nyumba yalipita maji ya mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na babu zetu kutoka kwenye kijito cha juu mlimani. Utaratibu ulijulikana tangu enzi hizo. Mchana maji ni ya watu wa juu, jioni banio, kizuizi cha maji kule juu, linafunguliwa, usiku maji ni yetu sisi wa chini.

Kisha bei ya kahawa ikaporomoka. Watu wa juu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, wakaziteremsha mpaka Holili ambako wanunuzi kutoka Kenya walikuwa wakizigombania. Siwalaumu kwa nyanya, ningekuwa na shamba kule ningepanda na mimi. Lakini nyanya zao zilikunywa mchana zikanywa na usiku. Ukame wa mwaka tisini na saba ulipoingia, mfongo ukawa unatufikia ukiwa tope, halafu hata tope likakoma. Hosea akapanda mpaka kwenye banio mchana kweupe, panga mkononi, ili akabomoe tuta lililozuia maji. Walimrudisha wamemlaza juu ya ngazi, amefunikwa shuka.

Kila mtu alijua kwamba aliyempiga kwa jembe ni Basili, mwenyekiti wa mfongo kule juu. Polisi walikuja, wakahoji, wakakosa shahidi, maana watu wa juu wote siku hiyo hawakuona kitu. Na sisi wa chini tulikuwa na letu. Kabla ya jembe, panga la kaka yangu lilikuwa limeshaukata mkono wa kushoto wa Basili. Hilo halikutajwa msibani, na baada ya msiba hatukuona haja ya kulitaja.

Ndipo shirika moja la usuluhishi likatuletea Bwana Mwansa, balozi mstaafu kutoka Zambia, mzee mrefu mwenye sauti ya chini ambaye alikuwa amewahi kukaa katikati ya majeshi yanayopigana. Mimi nikawa mkalimani wake, kwa kuwa nilifundisha Kiingereza mpaka nikastaafu. Nilimuuliza kwa nini mtu kama yeye ahangaike na mfereji ambao hata mbuzi anauruka. Akanijibu kuwa vita vingi alivyovijua vilianzia kwenye kitu cha ukubwa huo huo.

Vikao vilifanyika katika darasa la shule ya msingi iliyo katikati, si juu si chini. Bwana Mwansa alijua kazi yake. Aliwasikiliza watu wakitukana mpaka wakachoka kutukana, akawarudisha taratibu kwenye saa za maji, na saa za maji zikakubaliwa. Ilibaki kuweka saini. Hapo Ildefonce, mzee wa ukoo wetu, akagonga fimbo sakafuni.

"Kwanza walete isale," akasema.

Balozi akaniuliza isale ni nini. Nikamweleza ni mmea tunaouotesha kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Aliyekosa hukata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea yule aliyemkosea. Aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, na akikataa, balaa ni lake na uzao wake. Huku tuko Walutheri na Wakatoliki, Jumapili hakuna asiyekwenda kanisani, na sijamwona hata mmoja aliyethubutu kulikataa jani hilo.

Basili akasimama. "Nikileta isale, nimekiri. Nikikiri, kesho niko rumande Moshi mjini. Wanangu mtawalisha ninyi?"

Darasa likalipuka. Nje, nyuma ya ukuta, vijana wetu walikuwa wamekaa na mapanga, nao wa juu walikuwa na ya kwao ng'ambo ya uwanja. Bwana Mwansa akafunga kalamu yake, akaniinamia sikioni. Alisema akiahirisha kikao wakati ule, kabla ya jua kuzama kutakuwa na makaburi mengine.

Eunike alikuwa amekaa nyuma pamoja na akina mama waliopika chakula cha kikao. Mambo ya mfongo kwetu hayakuwa ya wanawake, hata kusogelea banio walikatazwa. Nilimwona anainuka, anatoka. Nikadhani amekwenda kulia, na kwa kweli nilimwonea huruma. Nyumba yao iko hatua chache chini ya shule.

Aliporudi alikuwa ameshika jani la isale, limefungwa fundo. Nililijua limetoka wapi. Kwetu nyumbani isale liliota mahali pamoja tu, kwenye kaburi la kaka yangu.

Akapita katikati ya wazee bila kuomba ruhusa ya mtu, akapiga magoti mbele ya Basili.

"Shikamoo, mzee Basili."

"Marahaba," Basili akaitikia kwa mazoea tu.

"Mume wangu alikukata mkono, na wewe siku ile ulishika jembe la kuzibulia maji, hukushika panga. Ninyi mlijua, sisi tulijua, tukanyamaza. Yeye hayupo tena wa kukuomba radhi, nimekuja mimi. Naomba umsamehe Hosea."

Damu ilinichemka. Ildefonce akamwambia, "Mama, unatuvua nguo hadharani." Eunike hakugeuka. Alibaki pale sakafuni, jani mbele yake kwenye viganja viwili, na mimi niliyemfahamu miaka yote ile nikahisi sijawahi kumwona. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kama mtu anavyoogopa akitoka nje alfajiri, mawingu yamefunguka, akaukuta mlima mzima umemsimamia.

Basili aliupeleka mkono wa kulia kupokea. Kisha akataka kuuleta na wa kushoto, maana adabu inataka mikono miwili, lakini ule mkono ulikuwa umeshakauka na haukupanda. Akauchukua kwa huu mzima, akauweka chini ya jani kama anayempakata mtoto, na hivyo ndivyo alivyolipokea. Halafu akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akienda kwenye ua wa isale mpakani mwa uwanja wa shule, akavunja jani, akalifunga fundo kwa mkono mmoja na meno. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamesimama wakimtazama, na hakuna aliyesogea.

Alirudi, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Nimemuua Hosea," akasema. "Anayetaka kuwaita polisi awaite. Nisamehe, mama."

Eunike hakunyoosha mkono. Alimtazama muda mrefu, midomo ameibana, na mimi niliyezijua hasira zake nikaamini atasimama aondoke na balaa litushukie sote. Bwana Mwansa hakuniomba nimtafsirie chochote. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. Mwishowe Eunike akalipokea lile jani, kwa mikono miwili.

Saini ziliwekwa, na jioni hiyo hiyo banio likafunguliwa. Kuhusu polisi, hakuna aliyekwenda.

Nilimsindikiza nyumbani. Nilikuwa na hasira naye, na wakati huohuo nilikuwa sithubutu kutembea sambamba naye, nikabaki nyuma kidogo. Tulipofika mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Na kama angelichukua lako akanyamaza, shemeji? Ungekuwa umepiga magoti mbele ya muuaji bure."

"Nilijua atakata la kwake," akasema. "Asingeweza kulipokea langu akakaa nalo."

"Kwa hiyo ulishamsamehe."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga, na katika hilo alikuwa Eunike yule yule.

"Nilijaribu kanisani, nikajaribu shambani, nikajaribu kitandani peke yangu. Sikuweza, shemeji. Ningengoja niweze mwenyewe, ningekufa sijaweza. Nikaona ni afadhali aniletee kitu ambacho siruhusiwi kukikataa." Akalichomeka lile jani kwenye fremu ya mlango. "Kumpenda bado simpendi."

Kisha akachukua ndoo, akaenda kukamua.