Mtungi Uliotobolewa Kitako

Wanawake wote waliowahi kutia mtungi kwenye jicho la maji la kijiji chetu nawajua kwa majina, tangu yule wa kwanza niliyetajiwa na bibi yangu. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Niliyatumia vibaya mara moja, inatosha.

Zamani jicho la maji halikuachwa wazi. Mwanamke alichukua mtungi wake mkuukuu, akautoboa kitako, akauzamisha mchangani mpaka shingoni. Maji yalipanda ndani ya mtungi yakiwa safi, tope likabaki nje. Mtungi ukivunjika, mwingine alitia wake, na jina lake likashika pale. Tulikuwa tunaambiana twende kwa fulani, kumbe fulani mwenyewe alishazikwa.

Jicho letu lilikuwa mwanzo wa bonde, upande wa juu. Tulipofyeka miti ya pale tulime ufuta, maji yakapungua mwaka hadi mwaka, mpaka likabaki tope. Marehemu mume wangu akasema hapa maji yamekwisha, tupande mikorosho. Tukafukia. Udongo wa kufukia niliubeba mimi kwa kichwa changu. Mtungi wa mwisho ulikuwa bado mle ndani, mzima. Baadaye shamba likawa la mwanangu, na watoto wake wanasoma kwa hiyo mikorosho.

Wazee wenzangu waliolijua jicho wamekufa, wengine walihamia Nachingwea mjini na habari zao sina. Nikabaki mimi.

Basi miaka hii ya karibuni kikaja kijijini mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wilayani Ruangwa akatoka afisa wa mazingira, kijana mpole, akatueleza mkutanoni kwamba sheria ya nchi inalinda vyanzo vya maji. Mita sitini kutoka kwenye chanzo hakuna kulima, hakuna kukata mti, hakuna kuchoma moto. Alisema vyanzo vilivyokauka navyo vitafufuliwa: tutapanda mikuyu, tutaweka uzio, maji yatarudi. Watu walipiga makofi, kwa sababu kiangazi tunatembea mbali sana kufuata maji. Mimi pia nilipiga.

Akauliza, "Sasa jicho lenyewe la asili lilikuwa wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Hilo muulize bibi yule pale. Yule ni kompyuta yetu. Anakumbuka hata mbuzi wa babu yangu alikuwa anaitwaje."

Tukateremka bondeni, afisa na kamba yake ya kupimia, kamati ya mazingira, na mimi mbele. Mwanangu alikuwa amesimama kwenye mikorosho yake anatutazama. Hakuniomba lolote. Mimi mwenyewe miguu yangu ilikata kushoto, ikashuka mpaka mwisho wa bonde, kwenye kishamba cha jirani yangu.

Nikasema, "Hapa."

"Una hakika, bibi?"

Ndipo nikafanya lile jambo. Nilianza kuwatajia majina. Fulani alitia mtungi hapa, ukavunjwa na ng'ombe wa mnadani. Baada yake akatia fulani, mke wa mhunzi. Baada yake fulani. Wanawake saba niliwataja kwa zamu zao, na yote yalikuwa kweli isipokuwa mahali. Afisa aliandika mpaka mkono ukamchoka. Nani angebisha? Akapima mita zake sitini, wakachimbia nguzo.

Huyo jirani yangu ni mjane, Mmakonde aliyekuja toka Msumbiji akiwa msichana, akaolewa hapa kwetu. Alipofika, jicho lilikuwa limeshafukiwa. Sisi Wamwera na Wamakonde ni watani, na yeye ndiye mtani wangu hasa. Kila asubuhi alikuwa akipita uani kwangu anapaza sauti, "Mmwera wewe, hujafa bado? Nimeshapika pilau ya msiba wako!" Nami namjibu, "Mmakonde, chonga kwanza jeneza, kazi yenu hiyo!" Siku haikuanza bila hayo.

Kishamba kile ndicho alichokuwa nacho, mpunga kidogo na migomba. Siku ya nguzo alinitazama akasema, "Kumbe miaka yote nalima juu ya maji ya watu. Haya, mtani, wewe ndiye unayekumbuka." Akang'oa migomba yake mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Misimu miwili alikwenda Kilimarondo kwa vibarua, kulinda mahindi ya watu yasiliwe na tembo. Mwanamke wa umri ule anapiga debe kufukuza tembo! Aliporudi alikuwa amekonda, lakini utani wake ulikuwa uleule. "Mmwera, hata tembo wamenikataa, wamesema nina mifupa mitupu." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye, nikampa unga debe moja, akanishukuru mpaka nikaona aibu kumtazama.

Mikuyu ndani ya uzio iliota lakini maji hayakuja. Mwaka jana ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Mtu mmoja akasimama akasema maji hayatarudi kwa sababu yule mama Mmakonde anaingia ndani ya uzio kwa siri analima, yeye kamwona. Mwingine akadakia, atozwe faini. Jirani yangu akasimama, akatandaza mikono yake. "Nilikuwa Kilimarondo. Nimelima lini?" Watu wakaguna. Akageuka kunitafuta kwa macho. "Mtani, si wewe unajua? Waambie."

Alitaka niwaambie tu kwamba alikuwa hayupo. Lakini nilipoinuka nikasema, "Hapa chini hakukuwa na maji hata siku moja. Njooni na jembe."

Nikawapeleka kwenye mikorosho, mstari wa pili, mti wa tatu. Nikachimba mwenyewe, nilikataa kusaidiwa. Kina cha goti jembe likagonga. Shingo ya mtungi ikatokea, imekumbatiwa na mizizi, na chini yake mchanga ulikuwa una unyevu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akasema polepole, "Mama, hata wewe?"

Mwanangu alivua kofia akaondoka. Sasa mistari minne ya mikorosho yake imo ndani ya nguzo. Haruhusiwi kulima chini yake wala kuipulizia salfa, dawa ya mikorosho, na mikuyu imepandwa katikati. Ananiletea kuni kama kawaida, anazitua mlangoni bila kuingia.

Jirani yangu alirudishiwa kishamba chake, kina mikuyu ambayo wala hana moyo wa kuikata. Siku ileile nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Yale majina uliyomtajia afisa," akasema, "na la mama mkwe wangu lilikuwemo?"

Lilikuwemo. Mama mkwe wake ndiye aliyetia mtungi wa mwisho, ule nilioufukia.

"Lilikuwemo," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya kitu ambacho hanunui. Baadaye akasema, "Nimekusamehe." Naamini alinisamehe, maana si mtu wa maneno mawili.

Ila asubuhi yake, alipopita uani kwangu, nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Akasimama kidogo, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

Mpaka leo ndivyo anavyoniamkia. Nami naitikia marahaba.