Kiapo cha Mume Wangu na Kiapo cha Baba

Mume wangu aliapishwa wiki ileile tuliyohamia Mbeya kutoka Iringa. Alikuwa amepata ukarani katika ofisi ya jimbo, na waliokuwa wakipiga taipu barua za siri walishikishwa Biblia mbele ya bwana mkubwa wao. Jioni alirudi na furaha. Alinieleza kwamba ameapa kumtii Malkia wa Uingereza na kutunza siri za serikali.

"Kwa hiyo, mke wangu, ya ofisini usiniulize," akamalizia.

Nikaitikia. Nilikuwa bado msichana, nikaona ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Mwanamume niliyekuwa nikicheka naye mpaka uji unaungua alianza kurudi nyumbani akiwa na tahadhari, kama mtu aliyebeba mayai. Tulizungumzia ukungu, tukazungumzia bei ya viazi, tukanyamaza. Nami sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Majirani walisemezana Kisafwa na Kinyakyusa. Kihehe changu hakikunifikisha popote. Hata hivyo tulisalimiana vizuri bombani, mpaka chama cha kudai uhuru kilipoingia mjini.

Serikali ilikataza watumishi wake wasijiunge na chama, na watu wakagawanyika. Nikifika bombani na ndoo yangu, maneno yanakatika. Siku moja mama mmoja wa Kinyakyusa, mtu mzima asiyependa kuzungukazunguka, aliniambia waziwazi.

"Mke wa karani, hatukuchukii, mwanangu. Tunaogopa masikio yako."

"Lakini mama, mimi simpelekei mtu maneno."

"Huenda kweli. Ila mumeo ameapa kule, na sisi hatujui ameapa nini."

Akanitwisha ndoo, akarudi kwa wenzake.

Baba yangu alikuwa Idodi, upande wa Iringa. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa tawi la chama pale kijijini. Wanachama walimwapisha ndani ya banda la mahindi, mkono juu, kwamba hatawakimbia likitokea la kutokea. Aliniambia mwenyewe nilipokwenda kuaga, na sauti yake ilikuwa ile anayotumia kanisani.

Mjini Mbeya palikuwa na ukumbi wenye redio. Wakati Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana Dar es Salaam, watu walijaa humo kusikiliza habari, mimi nikasimama nje, karibu na dirisha. Wajumbe wapya waliapishwa kwanza, kisha ukaja ubishi juu ya sheria ya vyama. Upande wa serikali ulitaka kila tawi liwe na kibali, na viongozi wa tawi lisilo na kibali washtakiwe. Mjumbe mmoja Mwafrika alisimama kupinga. Alisema ameapa kumtii Malkia, lakini hakuapa kuwanyamazisha watu wake. Ndani ya ukumbi wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kwa hasira kama kiapo kinaweza kukatwa vipande hivyo, akajibiwa na watu kumi kwa pamoja. Nilitamani kuingia nami nisikilize ubishi wao kwa karibu, lakini nilijua wangenyamaza.

Tena nilikuwa na wasiwasi wangu. Tawi la baba lilikuwa limeomba kibali na halikujibiwa.

Siku chache baadaye, tukinywa chai, nilimuuliza mume wangu, "Tawi la Idodi litafungwa?"

Akaweka kikombe chini. "Usiniulize hilo."

"Ni baba yangu."

"Najua ni baba yako." Akasukuma kikombe pembeni, akasema, "Hujamwona siku nyingi. Panda basi kesho, nenda kamsalimie."

Uso wake ulikuwa kama wa mgonjwa.

Basi lilishuka Chimala, likakaa pale likipakia magunia ya mchele, likaendelea kupanda na kushuka mpaka Iringa. Kutoka Iringa nilipata lifti ya lori. Nilimkuta baba bandani na wenzake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukusalimu."

Wenzake wakatazamana. Baba akanitoa nje. "Mumeo amekutuma?"

"Amesema nije nikuone. Hakusema zaidi, baba. Naapa."

"Usiape," akasema kwa upole. "Viapo vimetosha." Akafikiri. Nadhani alielewa yote niliyoelewa mimi. "Ningeweza kulala kwa shangazi yako Kalenga. Lakini hawa niliwaambia sitawakimbia."

Asubuhi askari walikuja. Walilifunga banda, wakawabeba baba na katibu wake kwenye gari hadi Iringa. Baba alifungwa miezi michache.

Ambacho sikukitarajia ni macho ya watu. Binti wa mwenyekiti, mke wa karani wa serikali, amefika jana, askari wamefika leo. Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuniitikia. Kabla hajapandishwa garini, baba aliwageukia akasema kwa nguvu, "Mwanangu alikuja kunisalimu!" Sikuona uso hata mmoja ulioamini.

Niliporudi Mbeya, mume wangu alikuwa mlangoni. "Baba hajambo?"

"Amekamatwa."

Alikaa kizingitini akalia. Nilikaa kando yake. Sikumlaumu. Nilihisi niko mbali naye zaidi kuliko nilivyokuwa kwenye basi.

Mambo yalibadilika kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini. Tawi lilipata kibali, baba akarudi kwenye uenyekiti. Siku moja alipita Mbeya kwa shughuli za chama, akalala kwa mwanachama mwenzake. Kwetu asingeweza kuja, maana karani kuonekana na kiongozi wa chama ilitosha kumwachisha kazi. Nilimpelekea wali na maharage. Alikula vyote, akamwulizia mkwe wake kama kile kikohozi nilichomwandikia kimepona.

"Mwambie sina kinyongo naye," akasema. "Angenitamkia wazi na kuvunja kiapo, heshima yangu kwake ingepungua."

Nilimsindikiza stendi peke yangu. Basi lilipoondoka, wanachama waliokuja kumuaga waliteremka na barabara pamoja wakizungumza. Nikawaacha watangulie mpaka walipokata kona, ndipo nikaanza kutembea.