Karatasi Isiyotaja Ndagala

Miaka ya mwanzo ya Uhuru lilifunguliwa Rumonge, kando ya ziwa, depo la kununua ndagala waliokaushwa, na likatangaza kwamba linatafuta karani. Kila mwombaji alete karatasi moja inayoeleza kazi alizowahi kufanya. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya sekondari na kazi moja tu maishani: kuanika ndagala kwa mama yangu mdogo, misimu saba, tangu mama yangu alipofariki.

Asubuhi mitumbwi ya taa ilipofika tulimwaga samaki wale wadogo kama vidole vya mtoto juu ya mchanga, tukawatawanya, tukawageuza, tukapigana na kunguru, na wingu likitokea upande wa Kongo tukawakusanya mbiombio. Shule yangu yote ilitoka kwenye mchanga ule. Harufu nayo ilinifuata mpaka darasani. Nilikaa peke yangu kwenye benchi la watu watatu, na wageni nikawaambia kwamba napenda nafasi ya kunyoosha miguu.

Kwa hiyo niliamua kwamba ndagala hawataandikwa. Uamuzi ule ni wangu. Hakuna aliyenishauri.

Mashine ya kupiga chapa ilikuwa kwa mzee mmoja mwandishi wa barua, karibu na soko. Alinisikiliza, akaingiza karatasi, akaniambia nianze. Nikaikodolea mashine macho. Akauliza kama tangu nizaliwe nilikuwa nimelala. Mzee huyu alikuwa na imani yake: karatasi yenye nafasi tupu ni tusi kwa anayeipokea, na kutoka kwenye mashine yake haitoki. Basi tukaanza kutafuta.

Nilikumbuka kwamba niliwahi kumfukuzia mjomba ndege kwenye mpunga kule Gatete, siku nne. Mzee akafikiri kidogo, akapiga: Ofisa wa Kilimo, Gatete. Mwezi wa Ramadhani niliwahi kupiga debe kuamsha watu ili wale daku. Akapiga: Mtumishi wa Habari. Siku ya Uhuru mtu aliyepewa kazi ya kupandisha bendera alikwenda kutafuta kisu, akanipa kamba nimshikie. Nilimwambia mzee kwamba ilikuwa dakika tano tu. Akasema dakika haziandikwi, huandikwa mwaka. Akapiga: Mhudumu wa Bendera ya Taifa, mwaka wa Uhuru. Mzungu mmoja aliniuliza njia ya Nyanza-Lac nikamwonyesha kwa mkono. Hapo nikawa Mfasiri. Karatasi ilipojaa niliisoma nikajionea wivu.

Nyumbani mama mdogo alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika kwa pembe mbili. Hakujua kusoma. Barua zake zote zilikuwa zinasomwa na mimi.

"Mimi iko wapi hapa?" aliuliza.

Nikasema yumo.

"Nionyeshe. Weka kidole."

Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya Ofisa wa Kilimo, kwa kuwa ndio mstari uliokuwa karibu. Akakiacha pale muda mrefu, akitabasamu, kisha akakiinua, na chini yake pakabaki alama ya mafuta. Jioni ile aliwaambia majirani wote kwamba depo litasoma habari zake.

Direkteri wa depo alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, mnene, mwenye miwani inayoteleza. Siku ya kuniita alikaa nyuma ya meza mlangoni, na wanawake wamepanga foleni na makapu yao hadi barabarani. Mama mdogo alikuwa wa tatu. Tulisalimiana kwa macho tu. Direkteri aliichukua karatasi yangu, akainusa, akaitazama foleni, akainusa tena.

Kisha akauliza, "Ndagala unazijua?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini niliona ni mtego, kwamba anataka kujua kama mimi ni mtu wa mchangani au wa kalamu.

"Hapana, direkteri," nikasema. "Kwetu huwa tunazinunua."

Alisikitika waziwazi. Alieleza kwamba makarani wawili aliokuwa nao walinunua ndagala wenye maji, magunia yakapata joto, yakajaa funza, na sasa anatafuta mtu anayezijua kwa mkono. Lakini, akasema, mtu aliyehudumia bendera anaweza kufundishwa. Akainua macho kwenye foleni akamwita mwanamke mmoja aje anifundishe. Akamwita mama mdogo.

Na ili mwalimu ajue mwanafunzi wake ni nani, alimsomea karatasi yangu yote kwa sauti, mstari kwa mstari: Ofisa wa Kilimo kule Gatete, Mtumishi wa Habari, Mhudumu wa Bendera ya Taifa, Mfasiri. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Alingoja kidogo, kama kwamba huenda upande wa pili wa karatasi kuna maandishi. Kisha akageuka kwangu.

"Amahoro, bwana karani," akanisalimia. "Leta mkono."

Akanifundisha. Akanionyesha kwamba ndagala aliyekauka huvunjika na aliye na maji hujipinda. Mimi nilimvunja vibaya makusudi, nikauliza kichwa kiko upande gani. Yeye alijibu kila swali taratibu, kama anayeongea na mgeni aliyeshuka kwenye meli. Lakini nilipopewa ndagala wa kujaa kiganja, mkono wangu ulifanya wenyewe: ukajikung'uta kwa kando, mchanga ukamwagika chini, samaki wakabaki. Direkteri akavua miwani. Akasema hajaona mtu anayejifunza haraka namna hii.

"Watu wa kufukuza ndege wanakuwa na mikono myepesi," mama mdogo akasema. "Mupe kazi."

Nikapewa. Kuanzia kesho yake nilikaa kwenye mizani na yeye akaja na kapu lake kama wengine. Daftari lilitaka jina la kila muuzaji, nami nikamuuliza lake mbele ya direkteri. Akalitaja lote, mpaka la baba yake, ambaye ni babu yangu, nikaandika. Nyumbani alinitengea kiti, akaniletea chakula kilichofunikwa, kwanza mimi kisha wengine. Nikamwambia, "Mama mudogo, hapa ni nyumbani." Akasema nyumbani kwake wanakaa watu wa ndagala, lakini karani akaribie, asione haya.

Nilivumilia miezi mitatu. Kisha nikarudi kwa mzee wa mashine nikamwomba karatasi yenye mstari mmoja tu: Mwanikaji wa ndagala kwa mama yake mdogo, misimu saba. Alikataa, tukagombana kuhusu nafasi tupu, mwishowe akapiga huku amegeuza uso. Nikaipeleka nyumbani. Mama mdogo alikuwa uani anachambua. Nilimwambia kwamba safari hii yumo kweli, yeye peke yake, nikanyoosha mkono kuchukua kidole chake.

Aliurudisha mkono wake kwenye kapu. Alikuwa anaitazama karatasi, si mimi.

"Nzuri," akasema. "Lakini nitapata nani wa kunisomea?"