Maneno Niliyoyaacha Tabora

Tulikwenda Tabora kwa sababu ya mashamba. Zamani Mwene, mtawala wetu wa jadi, alikaa na wazee wake, na shauri la Ufipa likaisha hapohapo. Mwingereza akaunda mabaraza ya wenyeji, kisha juu yake Baraza la Jimbo, lililokutana Tabora kwa Kiingereza. Huko ilipelekwa kanuni ya kumlazimisha kila mkulima alime matuta marefu ya kukingama mteremko. Sisi tulilima ntumba, mafungu ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zikaoza; ndiyo yaliyotulisha. Wazee wakamtuma Mzee Sikazwe, mkulima wa karibu na Chala, akayatetee. Mimi, karani niliyetoka sekondari, nilikuwa mkalimani wake.

Asubuhi ya kwanza tuliondoka Sumbawanga juu ya magunia ya ulezi, katika lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Tulilala Chala kwa shemeji yake Mzee. Baada ya ugali Mzee alinipitisha katika hoja zake hadi nikazikariri: nyasi zikifukiwa, udongo hauchukuliwi na mvua, waje waone shamba kabla ya kuamua.

“Maneno yangu usiyatie sukari,” alisema. “Yafikishe yalivyo.”

Siku ya pili barabara iliteremka kutoka uwandani na kuingia miombo. Kwenye kizuizi cha mbung'o walinzi walizunguka lori na nyavu zao, wakanasa inzi wawili watatu, wakaturuhusu. Mpanda tulipanda garimoshi. Mzee hakuwa amewahi kuliona. Alilipapasa ubavu kama mtu anayenunua ng'ombe, akaniuliza linakula nini.

Tabora tulikuta ukumbi wa meza ndefu, Wazungu na Wahindi wenye tai, na machifu waliovaa kanzu zilizopigwa pasi. Baraza lile lilishauri tu, lakini tulijua ushauri wake ungefuatwa. Mzee alisimama, akazungumza Kifipa. Alishukuru kwa kirefu, kama ilivyo desturi yetu, kisha akaeleza kilimo chake, akiinama kuonyesha kwa mikono jinsi nyasi zinavyolazwa. Mjumbe mmoja alicheka. Nikaona haya. Nikasema kwa Kiingereza kwamba Wafipa wanashukuru, wameielewa kanuni na watajitahidi. Mwenyekiti aliridhika, maneno yangu yakaandikwa, wakahamia shauri jingine.

Katika garimoshi la kurudi, baada ya vituo kadhaa, Mzee alinigeukia.

“Mwanangu, maneno yangu yalikuwa mengi. Yako yalikuwa machache. Mengine uliyaacha wapi?”

Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha fupi.

“Basi wenye lugha hiyo wanapata muda mwingi wa kula,” alisema, akageukia dirishani.

Tulipofika Chala watu walikuwa wakimngoja. Aliwaambia kwamba alisema yote aliyotumwa, lakini hakuona uso uliosikia. Walimlaumu kwa kusafiri bure. Mimi nilikuwa kando yake, nikiomba maji ya kunywa.

Msimu uliofuata kanuni ilifika. Mabwana shamba waliamuru mafungu yavunjwe, na Mzee alikataa kuvunja yake. Akafikishwa katika baraza la wenyeji Sumbawanga, na mwandishi wa kesi nilikuwa mimi. Hakimu alimuuliza kwa nini anakataa sheria ambayo yeye mwenyewe aliiafiki Tabora, maana imeandikwa hivyo.

Mzee alinitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi, na neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika.

“Kama imeandikwa, imeandikwa,” alisema.

Alifungwa, na mafungu yake yakavunjwa na watu wengine. Alipotoka sikwenda kumpa pole. Amekwisha kufa, na mimi ni mzee kuliko alivyokuwa siku ile.

Watu husimulia mabaraza yetu yalivyokua, nani alipewa kiti na lini. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba Ufipa ilipewa kiti, mtu wake akasimama akasema kweli, na aliyemnyamazisha hakuwa Mzungu. Alikuwa Mfipa mwenzake, aliyeona aibu kutamka nyasi kwa Kiingereza.