Pakacha Nusu

Kwa miaka tisa niliwafundisha watoto wa Chake Chake habari za mlima ambao sikuwahi kuukanyaga. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, huko juu mtu hupumuaje?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabu, na nafsi ikanisuta. Likizo iliyofuata nikaenda Kilimanjaro na walimu wenzangu.

Kila kitu nilikichunguza. Siku ya tatu pakiti yangu ya biskuti ilivimba ikakaribia kupasuka, nikabaki kuibonyezabonyeza hemani peke yangu. Chai ilitokota, lakini haikuwa moto sana, niliinywa bila kuipuliza. Alfajiri majani yalikuwa na barafu. Nikaikwangua kwa ukucha, nikaionja. Haina ladha, jamani, na hamu yote ile!

Siku ya nne kichwa kikaanza kugonga. Kiongozi wetu, mtu mzima wa Marangu, alikuwa ametuonya tangu getini: anayeumwa aseme mapema, hewa haba huua. Sikusema. Mimi ni binti wa mchuma karafuu wa Ole. Kwetu anayeshuka mkarafuuni na pakacha nusu hutaniwa msimu mzima, na baba yangu hakushuka na nusu hata siku moja. Hata siku aliyoanguka akavunjika nyonga, pakacha lake lilikuwa limejaa. Basi nikafanya kama tufanyavyo kwenye boti ya Unguja bahari ikichafuka: nikatia karafuu mdomoni, nikanyamaza.

"Dada, kichwa vipi?" kiongozi akawa ananiuliza.

"Kizima."

Jioni nilitapika nyuma ya jiwe, nikarudi natabasamu. Asubuhi yake akaniambia nifunge kamba za viatu mbele yake. Vidole vikanikatalia. Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki.

"Tunashuka," akasema. "Wenzako wataendelea na msaidizi wangu."

"Kilele si kile pale, kaka?"

"Kilele kitabaki, dada. Wewe sina hakika."

Nililia kwa hasira. Cha ajabu, kadiri tulivyoteremka kichwa kilitulia, na tulipofika msituni nilikuwa nimeshaanza kumuuliza majina ya miti.

Nyumbani Ole nilimsimulia baba yote, macho chini, nikingoja kutaniwa. Aliweka mkono juu ya fimbo yake.

"Siku ile nlikuwa na homa," akasema. "Toka asubuhi nna kizunguzungu. Pakacha lilikuwa nusu, nkaona haya kushuka. Nkalijaza, ndo nkaanguka."

Sote nyumbani tuliamini tawi lilikatika. Mama alikufa akiamini hivyo.

"Wewe umepata mtu wa kukushusha," akasema. "Miye hakuwapo."

Nilimshika mkono. Baadaye akaisogeza fimbo pembeni na kunitazama kwa hamu.

"Haya, n'ambie. Huko juu mtu hupumuaje?"