Kuta za Majitu, Rosettenville

Kilichotutoa mtaa wetu wa Bellevue, hapa Joburg, Jumamosi ile ni kutafuta mahali pa kusali. Kanisa letu linakusanyika kwenye sebule ya nyumba ya zamani, na mwenye nyumba sasa anataka kuikata sebule hiyo vyumba vyumba apangishe. Mwezi ukiisha tutoke. Kule Rosettenville, upande wa kusini, kuna mzee Mreno anaitwa Abílio, ana ukumbi mtupu. Tuliutaka sisi, na aliutaka pia mfanyabiashara mmoja, yeye aubomoe apate pa kuegesha magari. Mzee alisema atajibu siku hiyo. Pasta wetu ni mlinzi, Jumamosi hapewi ruhusa kazini. Akaniambia, "Mama Neema, nenda wewe. Kiingereza unacho."

Ninyi wa Uvira mnanijua niliacha shule mapema. Hicho Kiingereza nimekitafuta huku Joburg, masomo ya jioni, nikishafunga saluni. Nilikubali bila kuogopa. Mungu hakunifundisha nikae nacho tu.

Asubuhi tuliondoka wamama sita kwenye kombi ya ndugu Kalala. Mbele alikaa Mama Furaha, kiongozi wetu wa maombi, mtu wa Bukavu, sauti yake haihitaji spika.

Doornfontein tulisimama kwenye roboti, ndizo taa za barabarani huku, ilikuwa nyekundu. Nikawaonyesha chuo. "Hapo ndipo ninaposoma."

"Mnasomaga nini huko?" Mama Furaha akauliza.

"Mwezi huu ni mashairi ya Waingereza wa zamani sana, Waanglo-Saksoni. Tunaangalia waliuona mji namna gani."

"Na waliuonaje?"

Nikamweleza kama mwalimu alivyotueleza. Wale watu walijenga kwa miti. Walipofika kwenye nchi ile wakakuta miji ya mawe ya Warumi, wenyewe wameshaondoka, mapaa yamedondoka, baridi imekula kuta. Kwa washairi wao mji ukawa kitu cha kushangaa na cha kulilia. Walisema hii si kazi ya watu, ni ya majitu. Halafu wanauliza: waliocheka humu ndani wako wapi?

"Majitu ya Mwanzo sura ya sita?"

"Hata mimi nilimuuliza mwalimu. Akasema washairi wale walikuwa Wakristo, majitu ya Biblia waliyajua. Na waliimba pia mji wa mbinguni, ule usioanguka."

"Eish! Basi walikuwa na akili," akasema, taa ikawa kijani.

Rosettenville tulikuta ukumbi kwenye kona, matofali mekundu, vioo vimepasuka, mlango una mnyororo. Mzee hajafika. Alikuwepo mlinzi tu, Momade, Mmakonde wa kaskazini ya Msumbiji. Alitusalimia kwa Kiswahili, tukafurahi.

Mama Furaha hakutaka kungoja bure. "Wamama, tunazunguka mara saba kama Yeriko!"

Tukazunguka. Yeye anapaza, "Kuta, angukeni!" sisi tunaitikia, "Angukeni kwa jina la Yesu!" Mzunguko wa tatu nilipitisha mkono kwenye ukuta, chokaa ikabaki kwenye vidole. Nikawaona akilini wale washairi wamesimama nje ya ule mji wa mawe. Nikasimama.

"Mama Furaha, ngoja. Yeriko ulikuwa mji wa adui. Humu si tunataka kuingia sisi?"

"Wewe na masomo yako ya usiku!"

"Sasa ukisikilizwa, paa litamwangukia nani?"

Wamama wakaanza kucheka, yeye akaninunia. Tulipogeuka, mzee Abílio alikuwa kwenye geti, mrefu, kofia mkononi, Momade anamnong'oneza.

"Momade ananiambia mnaomba jengo langu lianguke," mzee akasema kwa Kiingereza. "Yule mfanyabiashara ataleta tingatinga. Nyinyi mmekuja na koo tu."

"Baba, tumekosea ombi," nikamjibu. "Tunataka kuta zisimame."

"Kila mtu husema hivyo akitaka funguo."

Hapo niliona ukumbi tunaukosa. Nikamwambia kuhusu Waingereza wa zamani na miji ya mawe. "Wale walikosa wa kumuuliza, Baba, ndiyo maana wakasema majitu. Sisi tumekukuta uko hai. Tuambie, nani alicheka humu?"

Alitoa funguo mfukoni. Halafu akafungua mnyororo.

Ndani alituonyesha vigae vya sakafu, alivipanga baba yake amepiga magoti. Jukwaa la wapiga akodioni. Pale harusi, pale watoto walilala kwenye viti wazazi wakicheza. Mwisho akaweka kiganja kwenye kaunta ndefu ya mbao. Hapo marehemu mke wake aliuza divai miaka yote, akiimba. Nikawatafsiria wenzangu.

"Hii mtaitoa?"

Mama Furaha, aliyeelewa kile kiganja hata kama hakuelewa Kiingereza, akanibana mkono. "Mwambie inatoka leo leo! Ni madhabahu ya pombe!"

Ningeweza kumdanganya mzee kwa jambo jema. Sikutaka kuanza nyumba ya Mungu hivyo. "Baba, dada yangu anasema itoke. Mimi naomba ibaki. Pombe haitauzwa tena humu, hilo sikufichi. Tutaweka chai ya watu."

"Hata divai kidogo?"

"Hata kidogo."

"Inasikitisha," akasema, akanipa funguo.

Njia ya kurudi Mama Furaha aliangalia dirishani mpaka tumepita mjini kati. Halafu akasema, "Kwa pasta utajieleza mwenyewe." Nikamwambia nitajieleza, na nilijieleza.

Nilichojifunza nawaandikia ninyi mnaopanga kuja huku. Mji huu hatukuujenga, tunalala kwenye vyumba vya watu waliohama. Ni rahisi kusimama nje ukashangaa, au kuingia ukafuta kila kitu. Kabla ya hayo mtafute aliyeishi humo, umuulize angali na mdomo wa kujibu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na ndoo na sabuni. Mzee alikuja kuangalia. Mama Furaha alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta na brashi, nikajiandaa kwa vita. Akachovya, akainua uso.

"Mama Neema, muulize mke wake alikuwa anaitwa nani. Na wimbo wenyewe ulikuwa upi."