Kola ya Papa

Harufu ya sufu iliyolowa inaninasa popote. Hata leo, hapa Goma, jirani akianika triko, sweta yake ya sufu, karibu na makala ya jiko, nasimama nikinusa. Mnisamehe, wapendwa. Kuna watu wanaolizwa na nyimbo. Mimi nalizwa na triko mbichi.

Tulikaa Masisi, juu kwenye vilima, ambako asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani na watoto vilevile. Papa alikuwa na triko moja ya kijani, nzito, iliyotoboka viwiko, inayonuka kuni, maziwa na tumbaku. Alipopata kazi ya kuchimba madini kule Walikale, msituni, aliivua akampa Mama.

"Kule kuko joto, Mama Furaha. Ifumue, mutoto ajifunzie kufuma. Na wewe Furaha, unifumie kola ya shingo, lakini inene! Nikirudi Noeli, baridi ya huku isiniue."

Kabla ya kuondoka alinichongea vijiti viwili vya mwanzi, vinene kama kidole, akavisugua kwa kipande cha chupa mpaka vikawa laini. Hivyo njo vilikuwa sindano zangu. Kisha akatia nguo zake zote katika mfuko mmoja, akaenda.

Mama aliifumua triko, akaufua uzi, akauning'iniza karibu na moto ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke. Maji hayakuweza kuiondoa ile harufu. Nyumba nzima ilinuka Papa. Akanifundisha kushika nyuzi mbili pamoja ili kola iwe nene, kutunga vitanzi kwenye kijiti, kuingiza kijiti cha pili, kuzungusha, kuvuta. Basi, hakuna kingine.

Weee! Hicho "hakuna kingine" kilinitoa jasho. Huku kitanzi kinaponyoka, kule nimeokota viwili badala ya kimoja, na ukanda ulioanza mwembamba ukazidi kunenepa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Furaha, hii shingo iko ya Papa ao ya ng'ombe?" Nikanuna. Akafumua, nikaanza upya. "Polepole njo mwendo," aliniambia, lakini mimi nilikuwa na haraka ya Noeli. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Papa aingie mlangoni, ainame, nimvishe.

Ilibaki kushona zile ncha mbili tu, zikutane iwe duara, ndipo Baba mukubwa, kaka yake Papa, alipofika kutoka Walikale. Miguu yake ilijaa matope, na alikataa kiti. Shimo liliwaangukia Papa na wenzake wakiwa ndani, alisema. Waliokuwa nje walichimba kuwatafuta mpaka wakashindwa.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana haachwi bila kaburi. Nguo yake inalazwa badala yake, watu wapate pahali pa kumlilia.

"Mutuletee kanguo kake kamoja," akasema Baba mukubwa.

Mama akatafuta juu ya kamba, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Papa alikuwa amebeba zote. Mama akasimama katikati ya nyumba, kisha akageuka kunitazama. Nikaificha kola mgongoni.

"Lete, mama," akaniambia taratibu.

"Haijaisha! Iko ya Noeli!"

Aliitoa mikononi mwangu bila kunigombeza. Akakaa chini, akazishona zile ncha mwenyewe, akakata uzi kwa meno. Halafu akaiweka usoni, akakaa nayo hivyo mpaka Baba mukubwa akamgusa bega. Hasira zilinipanda. Nilidhani anafutia machozi kazi yangu.

Kaburini, walipoilaza kola, nililia hadi nikagaagaa. Wamama wakanishika, "Pole, mama, Papa amepumzika." Walidhani namlilia Papa. Hata! Nilikuwa nalilia kola.

"Sasa akirudi atavaa nini?" niliwauliza.

Mmoja wao akaniachia mkono, akaenda kulia pembeni.

Nilimnunia Mama muda mrefu, Mungu anajua. Siku hizi naye ametangulia, nami nina mume, na koti lake linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Akisafiri, nainusa kola yake, nacheka peke yangu, naenda kulala. Njo pale nilipoelewa, na moyo ukanikatika. Harufu ya Papa ilikuwa imebaki katika uzi ule tu, si pengine popote. Mama angeweza kujikatia kipande, akakificha chini ya mto wake. Hakubakiza hata kauzi kamoja.

Mimi nilihesabu kwamba amenipokonya zawadi ya Papa. Kumbe Papa alikuwa amekwisha kurudi, kwa njia pekee iliyobaki, na asubuhi ile ya maziko ilikuwa na baridi kali. Mama alikuwa anamvisha.